Nusu Saa Niliyoikata kwa Rula

Kosa langu la kwanza nilipopewa kazi ya taaluma lilikuwa kuikata vipande viwili nusu saa ya walimu kula. Niliikata kwa rula na wino mweusi juu ya karatasi ya manila, kisha nikarudi nyuma hatua mbili kuitazama kama mtu aliyemaliza kuezeka nyumba. Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Mkuu wa shule alikuwa amesema tu kwamba hapendi wanafunzi waachwe peke yao wakati wa mapumziko. Mengine yote niliyaongeza mimi, kwa bidii yangu.

Nawaandikia ninyi walimu vijana mliopangiwa shule za milimani Mbinga na kule chini ziwani. Kila tukikutana kanisani au stendi mnaniuliza swali lilelile: Mzee, mliwezaje kukaa kazini miaka yote hiyo? Na kabla sijafungua kinywa mnajijibu wenyewe kwamba zamani mshahara ulitosha. Haukutosha. Nimechoka kulisema hilo. Ungetosha, mwalimu wa Jiografia asingefuga nguruwe nyuma ya bweni. Swali la kujiuliza ni kwa nini shule mbili zina mshahara mmoja, baridi moja ya mwezi wa saba na chaki zilezile za kugawana nusunusu, lakini katika moja walimu wanakaa mpaka wanastaafu, na katika nyingine wanatafuta uhamisho kabla hawajafungua mabegi. Nimefanya kazi katika shule za aina zote mbili. Moja niliihamisha mwenyewe kutoka aina ya kwanza kwenda ya pili, na kazi hiyo ilinichukua muhula mmoja.

Lazima mjue nilikuwa kijana wa namna gani. Nilikuwa mwoga wa kukosea. Nikikosea herufi moja kwenye andalio la somo, nilinakili ukurasa mzima upya. Nikitoka darasani nilirudi kuhakikisha nimefunga kabati la chaki, nikifika njiani nilirudi tena, na wanafunzi walikwisha kunizoea kiasi kwamba walikaa kimya wakisubiri nirudi mara ya pili ndipo waanze kelele. Baba yangu kule Mbaha, ziwani, alikuwa anasuka nyavu, na nadhani nilirithi kwake ugonjwa wa kutazama tundu moja moja. Ila yeye alikuwa anatafuta samaki. Mimi sijui nilikuwa natafuta nini.

Kutengeneza ratiba sikufundishwa na mtu. Chuo cha ualimu kilitufundisha hatua zote za somo, utangulizi mpaka tathmini, lakini hakuna aliyetuambia jinsi ya kuwagawa walimu kumi na wanne katika mikondo minane bila mmoja kutakiwa madarasa mawili kwa wakati mmoja. Mwalimu wa taaluma aliyenitangulia alihamia Songea akaniachia kabati lenye manila moja iliyoliwa na mchwa. Nikajifundisha. Nilichora miraba kwa chaki sakafuni nyumbani kwangu, na kila mwalimu nikampa mbegu yake. Mimi wa Kiswahili nilikuwa punje za mahindi. Mwalimu Ndunguru wa Fizikia alikuwa maharage mekundu. Mwalimu Kapinga wa Baiolojia, mama mtu mzima kuliko sisi sote, nilimpa karanga. Siku ya tatu nikaamka nikakuta panya wamekula Baiolojia yote tangu Jumanne mpaka Ijumaa. Nikambadilishia Mwalimu Kapinga mbegu, nikampa buni, maana kahawa mbichi hata panya wa Mbinga haitaki.

Hilo la mbegu lichukueni, bado linafaa kwa shule isiyo na umeme. Anza na vipindi pacha vya maabara, kwa sababu hivyo havikatiki. Wafuate wenye watoto wadogo, uwape nafasi ya kwenda nyumbani kunyonyesha. Hisabati usiiweke baada ya chakula. Mwalimu mmoja asipewe vipindi vinne mfululizo, hata kama sauti yake ni ya kengele. Haya yote niliyajua kwa kujikwaa, na nilijivuna nayo. Nilichokuwa sikijui ni kile kilichokuwa ndani ya mraba mmoja ulioandikwa "mapumziko".

Saa nne na nusu asubuhi walimu wa shule ile walikuwa wanakula pamoja. Si chai na andazi. Chakula. Kila mtu alileta alichonacho, kikawekwa kwenye meza ndefu ya ofisi ya walimu. Ndunguru alileta maharage, Mwalimu Kapinga aliagiza ugali upikwe jikoni kwa unga wake mwenyewe, mimi nilileta dagaa wa ziwani waliopandishwa na lori siku ya soko. Wamatengo, wenyeji wa Mbinga, wana desturi yao iitwayo sengu: watu wa ukoo hukusanya chakula nyumbani kwa mkubwa wao, wanakula pamoja, na hapohapo wanazungumza mambo yao, la shamba, la ugomvi, la kijana aliyeanza kupotea. Sisi walimu hatukuwa ukoo. Tulikuwa Wamatengo, Wangoni na sisi Wanyasa wa ziwani. Lakini Mwalimu Kapinga aliiita meza ile sengu, naye aliiendesha hivyo.

Utani ulikuwa mwingi. Ndunguru aliinua dagaa mmoja kwa vidole viwili, akasema, "Mnyasa, huyu mbona ananitazama?"

"Anashangaa," nikamjibu. "Hajawahi kuona mtu anayelima kwenye mashimo."

Wamatengo hulima mahindi na maharage kwenye mashimo waliyoyapanga mlimani kama sega la nyuki, ngolo, na kwa mtu aliyekulia mchangani kazi ile inaonekana kama adhabu. Ndunguru alicheka mpaka akapaliwa.

Mimi mle ndani niliona watu wanakula, wanapiga kelele, na siku moja wamechelewa darasani dakika saba. Niliziandika hizo dakika saba. Sikuona kwamba kati ya tonge na tonge mtu alisema, kesho nina mgonjwa, na mwingine akajibu, nitaingia kidato cha pili kwa niaba yako. Sikuona kwamba mwalimu mgeni aliyelia kwa sababu ya darasa korofi aliambiwa palepale nani mkorofi, mama yake ni nani, na ni neno gani likimwingia anatulia. Shule ilikuwa inaendeshwa pale mezani. Mimi nilidhani inaendeshwa na ratiba.

Sasa kuhusu Mkuu wetu. Najua mnapenda hadithi ya mkuu wa shule katili, ila mimi sina wa kuwapa. Alikuwa mgeni, nadhifu, anafundisha vizuri kuliko wengi wetu. Lakini aliogopa vitu viwili, wakaguzi na makundi. Ilikuwa miaka ile vyama vingi vimeanza, na watu watatu wakisimama pamoja wa nne alijiuliza wanapanga nini. Akipita mlangoni kwetu wakati wa chakula kicheko kilikatika, naye akaamini tulikuwa tunamcheka. Siku nyingine ilikuwa kweli.

Kwa hiyo aliponiambia anataka wanafunzi wawe na msimamizi muda wote, mimi mwoga wa kukosea nilimletea zaidi ya alichoomba. Nilitengeneza mapumziko mawili. Kidato cha kwanza na cha pili wapumzike kwanza, cha tatu na cha nne wapumzike baadaye, walimu nao wagawanyike hivyohivyo. Hakuna mtoto asiye na mwalimu, hakuna mwalimu asiye na kazi, hakuna mgongano hata mmoja. Mkuu aliipitishia kidole mstari kwa mstari akitafuta kosa, akakosa. Akaagiza fundi seremala aiwekee fremu na kioo, ikatundikwa ofisini kwake, na kila mgeni alionyeshwa. Nawaungamia: nilikuwa natafuta visingizio vya kuingia mle ofisini ili niitazame.

Wiki ya kwanza meza ilikuwa na watu saba, kisha saba wengine. Wiki ya pili ugali ulikuja mwingi kwa saba wa kwanza na wa pili wakakuta sufuria imekauka. Wiki ya nne Mwalimu Kapinga aliichukua sufuria yake akairudisha nyumbani. Ndunguru akawa anakula maabara, mlango kafunga. Ofisi ya walimu ikawa safi na kimya, na mimi, Mungu anisamehe, niliandika kwenye taarifa kwamba nidhamu ya kazi imeimarika.

Kisha zikaanza barua. Yale ambayo zamani yalimalizwa kwa tonge sasa hayakuwa na mahali pa kumalizikia, yakawa yanafika kwa Mkuu yakiwa yameshaharibika. Mwalimu hakuingia darasani: barua ya kujieleza. Mwalimu ametoka mapema: barua ya kujieleza. Mwalimu mmoja aliandikiwa kwa kucheka kwenye gwaride la asubuhi. Mimi ndiye niliyezipiga chapa, kwa vidole viwili, na nikikosea koma nilianza upya, ili mtu anayeaibishwa aaibishwe bila makosa ya uandishi.

Mwalimu Kapinga alikosa vipindi viwili siku ya Alhamisi. Zamani angesema mezani, na Ndunguru angeingia. Safari hii alimwachia kiranja ujumbe, kiranja akausahau, na Mkuu akapita akakuta darasa linaimba. Nikampelekea barua. Aliipokea kwa mikono miwili, kama anavyopokea kila kitu, akaniuliza kama nimekunywa chai. Kesho yake akaleta majibu. Juu aliandika anwani, tarehe, kichwa cha habari, "Yah: Maelezo". Chini yake palikuwa na maneno mawili: "Nilikuwa nazika." Kisha sahihi, na nakala kwa faili lake.

Mkuu aliisoma, akageuza upande wa pili, hakuna kitu. Akaniuliza mbona fupi. Sikumjibu. Na hilo ndilo linalonikera mpaka leo nikilikumbuka. Sauti ninayo, nilikuwa nimesimama pale, na mama yule alikuwa amenifundisha mimi kushika darasa. Nikaiweka barua kwenye faili, nikahakikisha iko kwa mpangilio wa tarehe.

Wakati huohuo biashara ya kahawa ilikuwa imefunguliwa. Zamani mkulima aliipeleka kwenye chama chake cha ushirika, basi. Sasa wakaja wanunuzi binafsi na magari madogo ya kubebea mizigo, wakapanga vibanda barabarani, na kila mmoja alihitaji mtu anayejua kusoma mzani na anayeaminiwa na wakulima. Mtu wa namna hiyo Mbinga nzima alikuwa mwalimu. Haikupita muda tukasikia Ndunguru ameitwa na mmoja wao.

Lazima mwelewe hapo tulikuwa tumesimama wapi. Ndunguru alikuwa mwalimu pekee wa Fizikia. Wa karibu baada yake alikuwa mwendo wa siku nzima, naye alikuwa na shule yake. Kidato cha nne walikuwa wamebakiza miezi michache wafanye mtihani wa taifa. Akiondoka yeye, darasa zima linaingia mtihani likiwa limesoma nusu ya Fizikia. Mkuu alilishughulikia kwa njia aliyoijua: alimwandikia barua. Ndunguru hakuijibu, na kwa mtu aliyekuwa anajibu hata salamu za mbuzi, nilijua ameshaondoka moyoni.

Nikamfuata kwake Jumamosi asubuhi. Nilipita kando ya ngolo za mkewe nikihofia kubomoa kingo, nikamkuta kwenye mibuni yake anachuma. Hakunikaribisha kukaa. Alinipa kikapu, akasema mtu wa mikono miwili haongei bure wakati wa kahawa. Nikachuma. Nilichagua tunda jekundu moja moja, lisilo na doa, na baada ya muda alichungulia kikapu changu, akamwita mkewe aje aone.

"Ukichuma hivyo, Bwana Rula," akasema, "tutamaliza Krismasi."

Rula ndilo jina walilonipa walimu. Ilikuwa mara ya kwanza kuitwa hivyo usoni.

Nikamuuliza kama ni pesa. Akasema angekuwa anafuata pesa angeondoka kabla mimi sijafika, na kwamba kule kazi ni ya msimu, mvua zikianza hajui atakula nini. Nikamwambia basi sielewi. Akaacha kuchuma.

"Yule mwenye kibanda aliniita," akasema. "Akanionyesha mzani wake, akaniuliza, mwalimu, ungekuwa wewe ungeuweka wapi? Nikamwambia pale, kivulini, wazee wasipigwe jua. Akaubeba akauweka pale. Mimi shule yenu nimefundisha miaka tisa, sijawahi kuulizwa hata meza ya maabara ikae upande gani. Na wewe umenipanga siku tano za wiki, hukuniuliza swali moja."

Nikamwambia, na ningetoa chochote nisiwe nimelisema, kwamba ratiba haina mgongano hata mmoja.

"Haina," akasema. "Hatuonani. Tutagongana wapi?"

Tulichuma mpaka mwisho wa mstari. Nilipomrudishia kikapu nikamwomba asiwaache watoto. Nilimwomba kama mtu anayezama, siwafichi. Akasema nirudishe chakula cha saa nne na nusu, naye atakaa mpaka watoto wafanye mtihani. Baada ya hapo nisimuulize kitu.

Jumatatu nikaingia kwa Mkuu. Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye karatasi. Nikamwambia ratiba ile ni mbaya. Akatazama fremu, akanitazama mimi, akaniuliza ni kipindi gani kimegongana. Nikasema hakuna. Akaniuliza sasa ubaya uko wapi. Nikasema walimu hawali pamoja. Akacheka kwa upole, akasema shule si hoteli, na kwamba ratiba imeshapelekwa kwa wakaguzi ikiwa na muhuri, haiwezi kubadilishwa kwa sababu ya maharage. Nilimweleza la Ndunguru. Akasema walimu siku hizi wanafuata maslahi. Sentensi hiyo nimeisikia kwa wakuu wengi tangu siku ile, na kila ninapoisikia najua anayeisema hajawahi kumuuliza mtu.

Sikuwa shujaa. Sikupiga meza. Nilirudi nyumbani nikafanya kitu pekee nilichokijua, kupanga. Mkuu alikuwa anapenda kitu chenye jina na kichwa cha habari. Basi nikaandika pendekezo la "Kikao cha Taaluma cha Kila Siku", saa nne na nusu hadi saa tano, walimu wote, lengo kutathmini maendeleo ya masomo. Wanafunzi watasimamiwa na viranja chini ya mwalimu wa zamu atakayekaa dirishani. Chakula sikukitaja. Alilipenda. Aliweka masharti mawili, kuwe na muhtasari wa kila kikao, na mwenyekiti awe yeye.

Kwa hiyo tukarudi mezani na Mkuu akakaa kichwani pa meza na daftari. Sijawahi kuona watu wanatafuna kwa adabu vile. Mwalimu mmoja alipaliwa na hakuna aliyempiga mgongo. Mkuu aliuliza kama kuna hoja, hapakuwa na hoja. Mimi niliandika muhtasari: kikao kilifunguliwa, hakukuwa na hoja, kikao kilifungwa. Hivyo siku ya kwanza, ya pili, wiki nzima. Ndunguru alikula akiwa amesimama karibu na mlango. Ijumaa aliniambia kwa sauti ya chini kwamba nimemrudishia meza, sijamrudishia chakula, na kwamba Jumatatu atakwenda kibandani.

Jumatatu alikuja, nadhani kuaga. Mwalimu Kapinga naye alikuja, na safari hii alikuwa na sufuria yake, ile aliyoirudisha nyumbani. Aliiweka mezani. Akachukua jagi la maji na beseni, akaanza kunawisha watu mmoja mmoja, kuanzia wadogo. Alipofika kwa Mkuu akasimama. Mkuu alikuwa na kalamu mkononi.

"Mkuu, kwenye sengu hatukai na kalamu," akasema. "Nawa."

Wote tulitazama sahani. Mkuu alikuwa mdogo kwake kwa miaka mingi, angeweza kuwa mdogo wake wa mwisho. Aliitazama kalamu kama hajui ilifikaje pale. Kisha akaifunga, akaiweka mfukoni, akanyoosha mikono. Mama yule alimmiminia maji taratibu, akamkatia ugali, akamsogezea maharage ya Ndunguru. Mkuu akala. Baada ya matonge kadhaa akauliza, bila kumtazama, "Ile Alhamisi, Mama, ulimzika nani?"

"Wifi yangu. Mke wa kaka."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuandikia."

Mkuu akaacha kutafuna. Akasema pole. Alisema pole mbele yetu sote, na akauliza kama watoto wa marehemu wana mtu. Mwalimu Kapinga akamjibu kwa kirefu, na mwalimu mwingine akaongezea, na Ndunguru, ambaye alikuwa mlangoni, alivuta kiti. Kengele ya saa tano ililia hakuna aliyeisikia. Tulichelewa dakika kumi na mbili. Kwenye daftari la muhtasari wa siku ile niliandika: walimu walikula.

Barua hazikuisha kabisa, Mkuu alikuwa mtu wa barua. Lakini aliuliza kwanza, mara nyingi. Meza ya maabara ilihamishiwa upande wa dirisha, Ndunguru alipotaka. Alifundisha mpaka siku ya mwisho ya mtihani, na alitumia hata Jumamosi zake, kahawa ikawa inachumwa na mkewe na wakweze. Wanafunzi wale walifanya vizuri. Sitataja alama, waliosoma wanajua.

Nami nikaanza kujidanganya. Nikaandaa ratiba ya mwaka unaofuata, nikayapanga maharage mekundu katika miraba yake sakafuni, nikawa na hakika kwamba mtu aliyevuta kiti haondoki. Alikuja nyumbani wiki ya kufunga shule. Aliyaona maharage, akajua ni yeye, akachuchumaa akayatazama.

"Umenipanga vizuri," akasema. "Lakini uliniuliza nikiwa nimeshafunga mzigo, ndugu yangu. Nilikwisha kumpa yule mwenye kibanda neno langu."

Nilimsihi. Akanipa mkono, akaniita kwa jina langu, akaondoka. Nilibaki nikiyaokota maharage. Shule ile haikupata mwalimu wa Fizikia kwa miaka mingi baada yake. Niliendelea kuiandika Fizikia kwenye ratiba kwa sababu sheria ilitaka, mraba usio na mbegu, na watoto walikaa humo kimya wakinakili vitabu vya zamani. Mnapotaka kujua usimamizi mbaya unafananaje, msitafute mkuu anayefoka. Tafuteni kipindi kilichoandikwa ukutani kisicho na mtu.

Mwalimu Kapinga alibaki mpaka akastaafu. Mshahara wake haukuwa mbali na wa Ndunguru. Yeye ile pole ilimfikia kabla hajafunga mzigo, mwenzake swali lilimfikia baadaye, tofauti ni hiyo tu, na bado kuna watu wanafanya semina kuitafuta.

Msidhani nilijifunza mara moja. Nilipofanywa mkuu mwenyewe, chini ziwani upande wa Lundo, wiki ya pili nikamwandikia barua mwalimu aliyekuwa anachelewa kila siku dakika kumi. Alikuwa anakwenda mwaloni kununua samaki wa familia, kwa sababu jua likishapanda samaki wamekwisha. Mimi mtoto wa Mbaha nililijua hilo tangu nikiwa natambaa. Ilinichukua miezi mitatu kumsogezea kipindi cha kwanza. Miezi mitatu, kwa jambo la dakika kumi. Nilikasirika na nafsi yangu mpaka nikaacha kula.

Kwa hiyo ninyi mtakaopewa taaluma kesho, na baadhi yenu mtapewa ukuu kabla hamjaota mvi, kupanga mtajifunza. Kompyuta itawapangia. Katika kuuliza watu kompyuta haitawasaidia, na kuuliza kuna wakati wake, kama mbegu. Mwalimu mgeni muulize wiki ya kwanza. Aliyekaa miaka tisa muulize leo, usisubiri mkutano. Na akikujibu, fanya angalau moja katika aliyoyasema, akuone unalifanya.

Nilipita shule ile mwaka huu nikitokea mazishini. Wana mwalimu wa Fizikia, kijana wa Liparamba, na ameshatulia. Ratiba mpya hubandikwa ofisi ya walimu ikiwa imeandikwa kwa penseli, inakaa wiki nzima, na kila mwalimu, hata aliyeripoti juzi, anaruhusiwa kufuta na kuandika upya kabla mkuu hajaipiga wino.